Pengo la Miaka Mitano Nitalielezaje Mbele ya Jopo?

SWALI KUTOKA KISUMU

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mnamo Septemba 2019 nilisajiliwa kwa shahada ya uzamili katika sayansi ya uvuvi kwenye chuo kikuu kimoja cha huku magharibi. Nilimaliza muhula wa kwanza bila tatizo, kisha Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Kabla havijafunguliwa baba alipatwa na kiharusi, na kwa kuwa mimi ndimi kifungua mimba na wadogo zangu walikuwa bado shuleni, nilihamia nyumbani Ahero kumuuguza. Sikuandika barua yoyote ya kuahirisha masomo, na karo ya muhula wa pili nadaiwa hadi leo. Baba alifariki mapema mwaka 2022. Tangu wakati huo ninaweka kumbukumbu katika mradi wa kufuga samaki kwa vizimba karibu na Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Sasa nimeomba kuanza upya katika chuo kikuu kingine, upande wa Nakuru, na nimeitwa kwa mahojiano. Rafiki yangu ananishauri niseme kwamba miaka hiyo yote nilikuwa nikifanya kazi za ushauri wa kitaalamu, kwa sababu kuuguza mzazi si habari ya kupelekewa maprofesa. Dada yangu anasema niwaeleze yote kama yalivyokuwa. Nimfuate nani?

JIBU

Dada, pole kwa kuondokewa na mzee. Kati ya hao wawili, ndugu yako ndiye aliye karibu na ukweli, lakini ukiwaeleza maprofesa yote kama yalivyokuwa, muda utakwisha kabla hujafika kwenye utafiti wako.

Jopo la udahili haliulizi habari za miaka hiyo ili lipime uchungu ulioupata. Linataka kujua kama safari hii utamaliza. Wanaoketi pale ni wahadhiri wanaojua vizuri mahali wanafunzi wa uzamili wanapopotelea. Kozi za darasani wengi huzimaliza. Shida huanza baadaye, katika kuandaa pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya idara, kutafuta idhini ya kamati ya maadili na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), kukusanya data, kuandika tasnifu, na kisha kuisubiri irudi kutoka kwa mtahini wa nje. Shahada iliyopangiwa miaka miwili hufika minne, na wengine hawaonekani tena. Msimamizi naye ana kikomo cha wanafunzi anaoruhusiwa kuwasimamia, kwa hiyo nafasi atakayopewa mtu wa kutoweka amenyimwa mwingine. Profesa anaposoma wasifu wako na kukuta shahada iliyoanzwa mwaka 2019 bila kumalizwa, hilo ndilo linalomjia akilini, na jibu lako lote halina budi kuelekezwa huko.

Eleza sababu kwa sentensi chache, kwa sauti ile ile utakayoitumia kueleza utafiti wako. Unaweza kusema hivi: "Nilianza shahada ya uzamili mwaka 2019 na kumaliza muhula wa kwanza. Mwaka 2020 baba yangu alipatwa na kiharusi, nikaacha masomo na kumuuguza hadi alipofariki mwaka 2022. Tangu mwaka huo nimekuwa kazini katika ufugaji wa samaki kwa vizimba, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa swali ninalotaka kulitafiti." Baada ya hapo nyamaza, uwaache wao waulize.

Kunyamaza ndiko kutakakokuwa kugumu. Tumelelewa tukijua kwamba habari ya msiba haikatizwi, na mtu anayetaja kifo cha mzazi wake kwa sentensi moja huonekana hana utu. Ndiyo maana waombaji wengi, wakiulizwa swali hili, huanza na siku mgonjwa alipoanguka, wakapita hospitali moja hadi nyingine, wakaeleza gharama za dawa na mazoezi ya viungo, na wanapofika kwenye mazishi nusu ya muda imekwisha. Wanajopo hawatakukatiza, kwa kuwa nao wamezika wazazi na wanaona haya kumzuia mwenye huzuni, lakini fomu wanayoijaza ina sehemu ya utafiti, sehemu ya maandalizi ya kitaaluma na sehemu ya uwezo wa kugharimia masomo, na zote zitabaki tupu. Ikiwa machozi yatakulenga, omba maji, vuta pumzi, kisha endelea. Hakuna atakayekupunguzia alama kwa hilo.

Ugonjwa wa mzee, kwa hakika, haunitii wasiwasi wowote. Ninachokiogopa ni ule mstari ulioupitia kwa haraka, kwamba hukuandika barua ya kuahirisha masomo na bado unadaiwa karo. Mzazi kuugua ni jambo linaloweza kumpata yeyote, lakini mwanafunzi kuondoka kimya ndiyo tabia hasa ambayo jopo linaichunguza. Swali la pili baada ya maelezo yako karibu kwa hakika litakuwa hili: kwa nini hukuahirisha rasmi? Usianze kujitetea kwa korona wala kwa mtandao mbovu wa Ahero, hata kama yote hayo ni kweli. Sema kwamba ulipaswa kuandika na hukuandika, kwamba wakati ule ulidhani ungerudi baada ya wiki chache, na kwamba sasa umekwenda kulimaliza jambo hilo.

Ili useme hivyo ni lazima uwe umekwenda kweli, na hii ndiyo kazi ya kufanya wiki hii kabla hujagusa kitu kingine chochote. Nenda katika ofisi ya msajili anayehusika na masuala ya masomo katika chuo chako cha awali, ukiwa na barua inayouliza mambo mawili kwa maandishi: usajili wako una hali gani, yaani bado upo, umesimamishwa au umefutwa, na deni lako ni kiasi gani. Vyuo vingi havimpi hati ya matokeo mtu anayedaiwa, kwa hiyo kama huwezi kulipa deni lote kwa mara moja, lipa kiasi ulicho nacho na uombe mpango wa malipo utakaowekwa kwenye maandishi. Risiti hiyo na barua ya msajili utakazozitoa kwenye faili mbele ya jopo zina uzito kuliko ahadi yoyote. Kagua pia fomu uliyokwisha kuijaza. Fomu nyingi za maombi huuliza kama mwombaji amewahi kusajiliwa kwa shahada nyingine ya kiwango hicho, na huonya kwamba taarifa ya uongo inaweza kumfanya mtu afutiwe udahili hata baada ya kuanza masomo. Kama uliiruka sehemu hiyo, waandikie sasa uisahihishe. Usingoje waligundue wenyewe. Suala la kuhamisha zile kozi ulizofaulu liache mpaka upate nafasi, kwa sababu kila chuo kina taratibu zake na mahojiano si mahali pa kuyadai hayo.

Kuhusu kazi za ushauri wa kitaalamu ambazo hukuzifanya, njia ya mwongo ni fupi, na baina ya wasomi wa sayansi ya uvuvi wa eneo hili ni fupi zaidi. Wahadhiri wa Maseno, Kakamega, Eldoret na Njoro hutahiniana tasnifu, hukutana katika makongamano, na wengi wao hushirikiana na watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, walioko hapo hapo Kisumu. Utaulizwa ulimshauri nani, ripoti iliitwaje, na nani aliilipia. Hata usipokamatwa, utakuwa umetoa kazi ya kubuni mahali ambapo ungeweza kutoa kazi ya kweli yenye thamani kubwa.

Nasema thamani kubwa kwa sababu barua yako inataja kazi ya Dunga kana kwamba ni kibarua cha kujikimu tu. Tazama unachokiandika kwenye daftari lile: idadi ya vifaranga vilivyoingizwa katika kila kizimba, chakula walichopewa, uzito wao, joto la maji, na vifo. Wafugaji wa Ghuba ya Winam wanajua asubuhi ile ambayo samaki hukutwa wameelea kwa mamia, aghalabu maji yenye oksijeni kidogo yanapopanda kutoka chini, na wanajua jinsi gugumaji linavyoweza kuziba eneo zima kwa usiku mmoja upepo ukigeuka. Mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza ameyasoma hayo katika makala; wewe umeyaandika kwa mkono wako kwa zaidi ya miaka miwili. Chagua tatizo moja uliloliona likijirudia, uligeuze kuwa swali la utafiti linaloweza kujibiwa kwa mwaka mmoja, na usome makala za karibuni zinazolihusu ili uweze kusema wengine wameishia wapi. Dakika ulizoziokoa kwenye habari za hospitali zitumie hapa.

Jihadhari na jambo moja tu. Kumbukumbu hizo ni mali ya mradi, na kuzitumia katika tasnifu kunahitaji ruhusa ya mwenye mradi pamoja na idhini na leseni nilizozitaja. Ukisema mbele ya jopo kwamba data unazo tayari, mwanajopo makini atakuuliza ni za nani na zilikusanywa kwa utaratibu gani. Sema kwamba uzoefu huo umekupa swali, na kwamba tayari umezungumza na mwenye mradi kuhusu kupata ruhusa; na uwe umezungumza naye kweli.

Maswali mengine yatakuwa ya kawaida, lakini kwako yanauma: karo italipwa na nani safari hii, na kazi ya Dunga itakuwaje ilhali huko Nakuru unakoomba, tuseme Njoro, ni zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo. Fika na hesabu iliyoandikwa. Wakikuuliza kama umeolewa au kama una mpango wa kupata watoto karibuni, fahamu kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito na hali ya ndoa, na Kifungu cha 31 kinamlinda mtu asilazimishwe bila sababu kutoa habari za familia yake. Sikushauri uwasomee vifungu hivyo, maana waliokuzidi umri hawapendi kusomewa sheria na anayetafuta nafasi. Jibu kwa heshima kwamba umejipanga kwa miaka yote miwili ya masomo, kisha urudi kwenye utafiti.

Mahojiano haya kwa kawaida huendeshwa kwa Kiingereza, na habari ya baba yako umezoea kuisema kwa Kijaluo au Kiswahili. Zile sentensi chache zifanyie mazoezi kwa sauti, kwa lugha utakayozitumia siku hiyo, mbele ya mtu asiyekijua kisa chako, kwa sababu anayekijua atakujazia mapengo bila kutambua. Hakikisha tarehe za kwenye wasifu zinalingana na utakayoyasema, na andika waziwazi "Kumuuguza mzazi, 2020 hadi 2022" badala ya kuacha patupu. Barua moja ya mapendekezo itoke kwa msimamizi wako wa Dunga. Nyingine itoke kwa mhadhiri wako wa zamani, lakini mfuate ofisini badala ya kumtumia ujumbe wa simu, na umpelekee ukurasa mmoja unaoeleza umekuwa wapi, kwa sababu miaka mitano ni mingi kwa mtu anayefundisha mamia ya wanafunzi.

SWALI KUTOKA MOLO, KAUNTI YA NAKURU

Mwalimu, nilihitimu shahada ya kwanza mwaka 2018, sikupata ajira, nikarudi nyumbani kulima viazi. Mwaka jana niliomba ufadhili wa Chevening wa kusoma uzamili nchini Uingereza nikakataliwa kabla ya mahojiano. Nataka kuomba tena. Nina hofu kwamba miaka yote tangu nihitimu itaonekana kama nilikaa bure, kwa kuwa sina barua ya mwajiri hata mmoja.

JIBU

Kijana wangu, mtu anayelima, anayeajiri vibarua na kuuza mazao hajakaa bure, na ukiandika kana kwamba unaona haya na shamba lako, wasomaji wa fomu watakubaliana nawe. Chevening hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo ni sawa na miaka miwili ya kazi ya siku nzima, na hukubali pia kazi ya muda na ya kujitolea. Zihesabu saa zako kwa misimu, kuanzia kutayarisha shamba hadi sokoni, na usome masharti ya mwaka unaoomba kuhusu namna ya kuthibitisha. Stakabadhi za chama cha ushirika, rekodi za M-Pesa za mauzo na barua ya ofisa wa kilimo wa wadi zitakusaidia kuliko kulalamika kwamba huna mwajiri.

Nashuku kwamba mwaka jana ulikataliwa kwa sababu nyingine. Ufadhili huu hupima uongozi na uwezo wa kujenga mahusiano, na waombaji wengi wa kwetu huandika kwamba walikuwa viranja shuleni. Wewe unatoka Molo, ambako mkulima amepunjwa kwa lumbesa, yaani mfuko unaojazwa kupita kipimo, kwa miaka mingi. Kanuni za mwaka 2019 zilisema mfuko wa viazi usizidi kilo 50, lakini unajua vizuri kuliko mimi jinsi madalali wanavyozikwepa. Ikiwa umewahi kuwakusanya majirani mkakataa kujaza lumbesa, hata kama mlishindwa msimu wa kwanza, huo ni uongozi, nao una majina, tarehe na bei unazoweza kuzitaja. Andika ulichofanya wewe, nani alikupinga, na kilichobadilika. Ukifika kwenye mahojiano na kuulizwa kwa nini umeomba tena, waambie ni nini kimeongezeka tangu mwaka jana. Usiwalaumu waliokusoma mara ya kwanza. Kumbuka pia kwamba anayepewa ufadhili huo hutakiwa kurudi nchini mwake kwa muda wa miaka miwili baada ya masomo, na kwako hilo ni jibu jepesi, maana shamba lipo.

SWALI KUTOKA KAKAMEGA

Niliacha masomo ya uzamili kwa sababu ya sonona. Nimetibiwa na niko salama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Jopo likiniuliza, ni lazima niutaje ugonjwa huo?

JIBU

Si lazima. Sema kwamba uliacha kwa sababu za kiafya, kwamba ulitibiwa, na kwamba umekuwa ukifanya kazi bila tatizo kwa kipindi unachoweza kukithibitisha. Maneno "sababu za kiafya" ni ya kweli na yanatosha. Ile Katiba niliyomtajia dada wa Kisumu imeitaja pia hali ya afya miongoni mwa mambo yasiyopaswa kuwa msingi wa ubaguzi. Ninaowaheshimu wanasema kwamba kuficha jina la ugonjwa kunaendeleza aibu inayouzunguka, na katika mazungumzo ya kawaida nakubaliana nao, lakini mwombaji aliye mbele ya watu watano asiowajua hapaswi kubebeshwa kazi ya kuielimisha jamii siku hiyo.

Muombe daktari wako barua fupi inayotaja kipindi ulichokuwa ukitibiwa na kwamba sasa unaweza kuendelea na masomo. Jina la ugonjwa si lazima liwemo, na mwambie hivyo kabla hajaanza kuandika. Ukishadahiliwa, nenda mapema kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi au kwa mshauri nasaha wa chuo, umweleze kwa siri yale ambayo hukuliambia jopo, na umuulize ni barua gani zinazohitajika endapo utalazimika kuahirisha muhula. Waulize hayo katika wiki ya kwanza, wakati una nguvu za kupanga foleni.